Umeme wa Paa la Voi na Gridi ya Taifa: Thamani Yake Iko Saa Gani?

Stima ikipotea Voi saa nane mchana, nyumba yenye paneli kumi za sola juu ya paa inaweza kuzima sawa na ya jirani asiye na hata paneli moja. Feni husimama, friji hunyamaza, na jua linaendelea kuchoma mabati. Mwenye nyumba humpigia fundi simu akidhani kifaa kimeharibika, kumbe kimetimiza wajibu wake. Inveta inayounganisha paa na nyaya za Kenya Power bila betri hujizima mara tu inapokosa umeme wa gridi wa kuufuata.

Sababu yake ni uhai wa mtu. Stima inapokatika, kuna fundi atakayepanda nguzo mahali fulani kati ya Maungu na Mwatate akiamini kwamba waya anaoushika umekufa. Paa moja likiendelea kusukuma umeme kwenye waya huo, umeme unapita kinyumenyume kwenye transfoma, volti 240 za nyumbani zinageuka maelfu ya volti juu ya nguzo, na fundi huyo harudi nyumbani. Ndiyo maana kila mtambo wa nyumbani unaotaka kuungana na gridi, popote duniani, hushurutishwa kujitoa ndani ya muda mfupi mno gridi inapokufa. Hushurutishwa pia kwenda sambamba na gridi kwa kasi ile ile, ambayo hapa Kenya ni hezi 50, kwa volti zile zile, na kuwa na swichi ya kuutenga ambayo fundi wa kampuni anaweza kuifikia.

Jambo hili moja linabadilisha hesabu yote ya mwananchi wa Taita Taveta, kaunti ulimo mji wa Voi. Wengi wanaonunua sola hapa hawaitafuti kwa sababu ya kuuza umeme. Wanaitafuta kwa sababu umeme unakatika. Anayeambiwa kwamba sasa sheria inamruhusu kuungana na gridi na kupata salio anaweza kulipia mtambo ambao hautamsaidia hata kidogo siku anayouhitaji zaidi. Hivyo kabla ya kuuliza namna ya kuunganisha, inafaa kuuliza muungano huo unamfaa nani, na saa ngapi za siku.

Tuanze na mtambo wenyewe, maana si lazima uwe wa sola. Japani, tangu 2009, familia zimekuwa zikinunua mitambo midogo ya seli za fueli inayouzwa kwa jina la Ene-Farm. Ni sanduku linalokaa nje ya ukuta, linalopokea gesi ya mji kwa bomba, likaitoa haidrojeni ndani yake, kisha likaikutanisha haidrojeni hiyo na oksijeni ya hewani bila kuwasha moto. Kinachotoka ni umeme, joto na maji. Uwezo wake ni mdogo, takriban wati 700, lakini sanduku hilo linaweza kufanya kazi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Mitambo hiyo imefungwa kwa mamia ya maelfu, na baada ya janga la Fukushima mwaka 2011 watu waliikimbilia zaidi kwa sababu imani yao katika gridi ilitikisika.

Kwa mkaazi wa Voi, sifa ya kutoa umeme saa yoyote inavutia sana. Lakini faida ya Ene-Farm inatoka sehemu mbili, na umeme ni moja tu. Ya pili ni joto, ambalo Mjapani hulitumia kupasha maji ya kuoga katika majira ya baridi kali. Ukilitupa joto hilo, umetupa sehemu kubwa ya fedha ulizolipia gesi. Voi, mji ulio kwenye tambarare ya Tsavo ambako maji ya tangi la juu ya nyumba hutoka ya moto yenyewe mchana, joto la ziada halina wa kulitaka. Wundanyi kule milimani lingepata kazi asubuhi za Julai, ila Wundanyi haina bomba la gesi.

Tuangalie na bei. Pasipo bomba kuna mtungi, na mtungi wa gesi wa kilo 13 una nishati ya takriban uniti 166. Seli nzuri ya fueli ikigeuza asilimia 40 yake kuwa umeme, unabaki na uniti kama 66. Ukiujaza mtungi huo kwa shilingi 3,200, kila uniti imekugharimu karibu shilingi 48, kabla hujalipia mtambo wenyewe. Tokeni ya Kenya Power, pamoja na kodi na ada zake, inampa mteja wa kawaida uniti kwa shilingi 25 hadi 30 hivi. Hakuna mtu atakayechoma gesi ya shilingi 48 ili aiuzie gridi. Serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, lakini macho yake yako kwenye mbolea na viwanda, wala si kwenye nyumba za watu. Kwa miaka ijayo ninayoweza kuiona, mtambo wa nyumbani wa Taita Taveta utakuwa paneli, inveta na betri. Masharti ya kuungana na gridi, hata hivyo, ni yale yale, kwa sababu seli ya fueli nayo hutoa umeme wa mkondo mmoja na lazima ipite kwenye inveta.

Sheria ipo. Sheria ya Nishati ya 2019, kifungu cha 162, inamruhusu mteja mwenye mtambo wa kuzalisha umeme usiozidi megawati moja kuomba mkataba na msambazaji ili umeme unaoingia na unaotoka upimwe na kulinganishwa. Kanuni za kuitekeleza zilichelewa hadi 2024. Kiini chake ni kwamba kwa kila uniti unayoingiza kwenye gridi unapata salio la nusu uniti. Halilipwi kwa fedha taslimu, linapunguza tu umeme unaouchukua wewe mwenyewe. Msimamizi ni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na anayeomba muungano anaomba kwa Kenya Power.

Nusu hiyo imelalamikiwa sana. Wengi wanaiona ni unyang'anyi: nitoe uniti nzima, nirudishiwe nusu? Mimi nadhani malalamiko hayo yana haki upande mmoja na yamekosea upande mwingine.

Chukua nyumba ya Voi yenye paneli za kilowati 3. Kwa jua la hapa inaweza kutoa kama uniti 12 kwa siku. Ingetoa zaidi kama si joto lenyewe, maana paneli hupimwa uwezo wake kwa nyuzi 25 na hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi, na juu ya mabati ya Voi paneli hufika nyuzi 60 bila shida. Vumbi jekundu la Tsavo nalo huchukua sehemu yake, ndiyo maana asiyezifuta paneli zake wakati wa kiangazi anajipunja. Nyumba hiyo ikitumia uniti 6 kwa siku, 2 mchana na 4 usiku, inabakiwa na uniti 10 za kuingiza kwenye gridi. Salio lake ni uniti 5. Usiku inachukua 4. Bili ya umeme imefutika na chenji imebaki. Hivyo ile nusu haimuui mwenye paa kubwa.

Sasa mpime kwa bei ya jua linalouzwa kwa jumla. Mtambo wa sola wa Garissa, wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, unaiuzia Kenya Power umeme kwa takriban senti 5.5 za dola kwa uniti, yaani kama shilingi 7. Uniti ya mchana kutoka paa la Voi, ikilipwa nusu ya bei ya tokeni, inathaminiwa shilingi 13 hadi 15. Ni karibu maradufu ya ile ya Garissa, na ni jua lile lile, saa ile ile. Tofauti moja inaitetea nyumba ya Voi: umeme wake unaliwa na jirani, mita chache tu kutoka unakozalishwa, ilhali gridi ya Kenya hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme njiani na kwenye wizi. Lakini hata ukihesabu upotevu huo, Kenya Power haimwibii mwenye paa saa sita mchana.

Inamwibia saa mbili usiku.

Kilele cha matumizi ya umeme nchini kiko kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, familia zikipika, zikiwasha televisheni, watoto wakisoma. Jua limeshazama. Mvuke wa Olkaria, ambao unabeba takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi, unatoka kwa kiwango kile kile usiku na mchana na hauwezi kuongezwa ghafla. Ndipo mitambo ya mafuta mazito ya pwani, Kipevu na Rabai, inapoitwa kazini, na gharama yake inaonekana kwenye kila risiti ya tokeni katika mstari wa ada ya mafuta. Mteja wa Voi, ambaye mji wake umekaa kwenye njia ya kilovolti 132 kati ya Nairobi na Mombasa, hulipa ada hiyo sawa na wengine.

Weka sasa betri katika ile nyumba ya kilowati 3. Mchana paneli zinaijaza. Saa mbili usiku nyumba inaweza kujilisha yenyewe na kumsukumia jirani uniti mbili tatu, wakati ule ule ambao kila uniti inayopatikana inapunguza mafuta yanayochomwa Kipevu. Kanuni za 2024 zinamlipa nini? Nusu uniti, sawa na aliyetupa umeme wake gridini saa sita mchana wakati haukuhitajika sana. Mwenye betri, aliyegharamika zaidi na kuisaidia nchi zaidi, hana sababu hata moja ya kufungua swichi yake. Atakaa na umeme wake, na ana haki.

Kulipa kwa saa si jambo geni Kenya. Tangu Desemba 2017 viwanda vimekuwa vikipata punguzo la nusu ya bei kwa umeme wa usiku wa manane, ili vitumie mvuke ambao ungepotea bure. Bei za magari ya umeme zilizotangazwa 2023 nazo zinatofautisha saa. Mita za kupima kwa saa zipo, hesabu ipo, na mamlaka ya kuidhinisha ipo. Kilichobaki ni kukubali kwamba kama kiwanda cha Athi River kinaweza kulipa kidogo saa saba usiku, nyumba ya Birikani, mtaa wa Voi, inaweza kulipwa uniti nzima saa mbili usiku. Mbali hatuhitaji kwenda, ila California ilipopunguza sana malipo ya umeme wa mchana Aprili 2023, wanunuzi wa sola walianza kununua betri kwa wingi. Bei ya saa ndiyo iliyowafundisha.

Kenya Power ina hofu yake, na si ya kudharauliwa. Bei zilizoanza Aprili 2023 zinampa nafuu mteja anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, na nafuu ndogo zaidi hadi uniti 100. Nafuu hiyo inabebwa na wanaotumia sana, na hao ndio wenye uwezo wa kuweka paneli. Kila hoteli, kila kiwanda na kila nyumba kubwa inayojiondoa inawaachia maskini mzigo wa nguzo, transfoma na mishahara ya mafundi. Taita Taveta ina wateja wengi wa mwisho wa laini, waliounganishwa na mpango wa kufikisha umeme vijijini ulioanza 2015 kwa shilingi 15,000, na wengi wao hawanunui hata uniti 30. Mwenye paa anayetaka uniti nzima kwa uniti nzima, saa zote, anataka nguzo alizozikuta zitunzwe na mama wa Kasigau anayewasha taa mbili. Hapo sikubaliani naye.

Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo sababu ya kumvuta abaki. Mwenye betri ya kutosha na bei mbaya ya gridi atakata waya kabisa, na hapo Kenya Power inakosa fedha zake na umeme wake wa jioni pia.

Upande wa ufundi kuna mambo ambayo hayasemwi dukani. La kwanza ni mita. Mita nyingi za tokeni zilizofungwa majumbani hazikutengenezwa kupima umeme unaotoka. Baadhi zinauhesabu kana kwamba umeingia, hivyo ukiwasha mtambo bila mita ya pande mbili, unaipa kampuni umeme na tokeni zako zinakatwa kwa wema huo. Nyingine zinadhani zimechezewa na kujifunga. Anayefungiwa inveta ya gridi na fundi wa haraka haraka, bila ombi lolote kwa Kenya Power, anaingia hasara hii pamoja na kosa la sheria.

Fundi mwenyewe ni la pili. Kanuni za sola za 2012 ziliweka madaraja ya leseni, na anayeruhusiwa kufunga mitambo ya kuungana na gridi au ya haibridi, yaani inayotumia gridi na betri pamoja, ni wa daraja la T3. Mwenye T1 amefunzwa mifumo midogo ya taa na simu. Mwulize fundi leseni yake kabla ya kumpa malipo ya kwanza. Nyumba iliyofungwa vibaya ni hatari kwa waliomo, na zaidi kwa yule aliye juu ya nguzo.

Kisha kuna hali ya laini zenyewe. Vijiji vingi vinategemea transfoma ndogo, ya kVA 50 au pungufu, mwishoni mwa waya mrefu. Jioni volti zinashuka na taa zinafifia. Mchana, nyumba kumi zikisukuma kilowati nne kila moja, kilowati 40 zinaelekea transfoma hiyo moja, volti zinapanda kupita kiasi, na inveta zinaanza kujizima moja baada ya nyingine. Wa kwanza kuomba atakubaliwa bila taabu, wa kumi na moja anaweza kuambiwa laini imejaa. Betri inaponya matatizo yote mawili kwa pamoja, kwa kuuzuia umeme mchana na kuutoa jioni.

Kaunti nayo si moja. Jua la Voi na Maungu si la vilima vya Taita, ambako ukungu unaolisha misitu ya Ngangao na Mbololo unafunika paa kwa saa nyingi, hasa Juni hadi Agosti. Mtu wa Wundanyi asinunue mtambo kwa hesabu ya mtu wa Voi. Kwenye mbuga, zinazochukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii, loji zilizo mbali na nguzo hazina gridi ya kuungana nayo, na hesabu yao ni ya dizeli dhidi ya jua tu.

Wanaofaidika na kanuni za sasa kama zilivyo ni taasisi zinazotumia umeme mchana. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Shule za bweni za Taita Taveta zina mapaa makubwa, majiko, pampu na maabara zinazofanya kazi jua likiwa juu. Zinafungwa Aprili, Agosti na Desemba, paneli zikiendelea kuzalisha, na hapo ndipo salio la nusu uniti linapokuwa na maana kwelikweli: umeme ambao ungepotea unasaidia kulipia mwezi wa masomo. Hospitali ya rufaa ya Moi pale Voi, ofisi za kaunti na pampu za maji ziko katika hali inayokaribia hiyo. Serikali ya kaunti ingeanza na mapaa yake yenyewe kabla ya kuwahubiria wananchi.

Mkonge pia, kama chanzo cha umeme wa jioni, usisahaulike. Jani la mkonge hutoa nyuzi chini ya sehemu moja katika kumi ya uzito wake, na mengine yote ni taka. Hale, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kilowati 150 unaochachusha taka hizo kuwa gesi na gesi kuwa umeme. Mashamba ya Mwatate na Voi yana taka ya namna hiyo kila siku. Gesi inahifadhika hadi jioni bila betri, na siku seli za fueli zitakaposhuka bei, gesi hiyo ikisafishwa inaweza kuzilisha. Hapo haidrojeni ingepata nyumba yake Taita Taveta, kwenye shamba la mkonge kabla ya sebule ya mtu.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwamo. Novemba na Desemba ya mwaka huo huo giza likarudi. Nyakati hizo paneli zilizoungana na gridi bila betri zilikuwa vioo tu juu ya mapaa. EPRA inapozipitia tena kanuni za 2024, iache nusu uniti ya mchana kama ilivyo, na ilipe uniti nzima kwa umeme unaoingizwa gridini kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku. Na kwako wewe wa Voi unayekwenda dukani mwezi huu: nunua inveta ya haibridi, weka fedha kwenye betri kabla ya kuongeza paneli, dai fundi wa T3, na ombi la kuungana na gridi liwe la mwisho.